Uzi: Kuku wanazeeka mabandani Uyole, wauza chipsi Kabwe wananunua wa friza kutoka Dar. Tatizo liko wapi?

#1 Banda_Igawilo
Wakuu, kwema? Pita Uyole, Igawilo, Nsalaga mpaka Inyala hapa Mbeya, mabanda ya broila yamejaa na wenyewe wanalia soko hakuna. Kuku wako wiki ya sita, ya saba, kazi yao kula. Geukia Kabwe, Mafiati na Mwanjelwa, mwenye chipsi naye analia kuku hakuna, akimpata leo kesho hampati, mwisho anachukua wa friza aliyesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Igawilo na Kabwe ni nauli ya daladala.

Hasara iko wazi. Broila akishavuka siku ya 35 anakula gramu 160 hadi 180 kwa siku. Weka 170. Kuku 200 ni kilo 34 kwa siku, kwa wiki kilo 238, karibu mifuko mitano ya kilo 50. Hakuna anayekulipa mifuko hiyo, maana mwenye chipsi hataki kuku wa kilo mbili na nusu.

Msimamo wangu: anayeharibu ni dalali. Anajua nani ana kuku na nani anataka kuku, na riziki yake ni hao wawili wasijuane. Karibuni tujadili.

#2 Mkinga_Mwanjelwa
Mkuu #1, dalali umemtwisha mzigo usio wake. Angalia kazi anazofanya kabla ya saa 12 asubuhi: anakusanya kuku 15 hapa na 40 pale, anachambua wakubwa na wadogo, anachinjisha, anasambaza kwa wateja kumi, na wengine anawakopesha mpaka jioni. Mfugaji anataka kuuza 200 kwa mkupuo, hela mkononi. Mwenye chipsi anataka 12 leo, 12 kesho, Jumamosi 25. Hata mkipeana namba za simu, hamtauziana.

Halafu kuna suala la saizi, ambalo wafugaji mnalipita haraka. Chipsi inauza robo kwa bei moja. Kuku akishachinjwa na kutolewa kichwa, miguu na matumbo, hubaki asilimia 70 hadi 75 ya uzito hai. Wa kilo 1.6 anabaki kama kilo 1.15, robo yake gramu 290 hivi. Wa kilo 2.2 anabaki karibu 1.6, robo yake gramu 400. Mteja akitupia jicho sahani ya jirani, ugomvi. Sisi tunataka kuku hai wa kilo 1.4 mpaka 1.65, basi. Wa friza amepangwa kwa uzito tangu anakofungwa, ukifungua katoni wote wako sawa. Ndiyo maana ananunuliwa, hata kama ladha ya huyu wa Uyole ni bora.

#3 Kijana_Nzovwe
Mbona jambo dogo. Wafugaji wanne wapokezane, kila mmoja na wiki yake, mwezi umeisha na kuku hawajakatika. Tufungue grupu la WhatsApp leo leo.

#4 Ratiba_Kwanza
#3 grupu fungua, lakini wanne hawatoshi. Kuku anakaa bandani siku 35. Akitoka, unaondoa maranda, unaosha, unapulizia dawa, banda linapumzika wiki mbili. Jumla siku 49, yaani wiki saba. Ukitaka mzigo kila wiki bila kukatika, unahitaji mabanda saba yanayopishana kwa wiki moja moja. Ukiwa na manne utauza wiki nne, kisha wiki tatu kavu. Ndani ya hizo wiki tatu mwenye chipsi ameshahamia kwenye friza na kurudi kwake ni kazi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na #1. Dalali ni matokeo. Kinachotuua ni kwamba kila mtu anaingiza vifaranga siku alipopata hela au aliposikia bei ya kuku imepanda. Bei ikipanda wote tunaingiza wiki moja, baada ya siku 35 wote tunatoa wiki moja, bei inaanguka, wote tunaacha, inapanda tena.

#5 Dokta_Usangu
Nakazia #4, ila na marekebisho mawili.

Moja, hizo wiki mbili zinahesabiwa kuanzia siku banda lilipokauka baada ya kuoshwa na kupuliziwa dawa. Mtu anauza kuku Jumatatu, maranda anayatoa Jumatatu ya pili, halafu anasema banda limepumzika siku 14. Limepumzika saba. Gumboro ni kirusi kigumu, kinavumilia dawa nyingi na kinakaa bandani miezi. Usafi wa sabuni kabla ya dawa ndio unaofanya kazi kubwa, dawa juu ya kinyesi kilichokauka haifiki popote.

Mbili, mnaanza kuhesabu mmechelewa. Yai linakaa kwenye mashine siku 21. Mtotoleshaji asipokuwa na oda yako kabla ya kupanga mayai, wewe utapata kilichobaki. 21 na 35 ni 56, yaani oda ya kuku inaanza wiki nane kabla ya kuku kuliwa. Mwenye kutaka kuku wa tarehe 23 Desemba, vifaranga viingie bandani tarehe 18 Novemba, na mayai yawe yameingia kwenye mashine tarehe 28 Oktoba. Sasa nani kati ya wenye hoteli na chipsi anaongea na mfugaji mwezi Oktoba? Wanapiga simu tarehe 20 Desemba.

#6 Kijana_Nzovwe
Kumbe Krismasi ya kuku inaanza Oktoba! #4 nimekuelewa, saba.

#7 Mnyalu_Ipogolo
Kamwene wakuu. Nachangia kutoka Iringa, Mafinga na Makambako ni yale yale.

Ratiba yenu ya siku 35 ni nzuri kwenye karatasi, lakini Juni na Julai huku nyanda za juu haishiki. Mbeya na Iringa ziko mita 1,600 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Broila anakua haraka kuliko moyo na mapafu yake yanavyoweza, ukimwongezea na baridi anahitaji oksijeni zaidi. Matokeo yake ni maji tumboni. Utamwona wiki ya nne au ya tano: kishungi kimegeuka rangi ya zambarau, tumbo limevimba, anahema, asubuhi amekufa chali. Wanaoondoka ni wale wakubwa wanene, waliobakiza siku nne kuuzwa, chakula chote wameshakula.

Kosa linaloongeza vifo ni kufunga mapazia yote kwa sababu ya baridi huku majiko ya mkaa yanawaka ndani. Oksijeni ndogo iliyopo inaliwa na moto, na moshi unabaki. Acha nafasi ya shubiri moja juu ya pazia pande zote mbili, joto ulizuie chini kwenye duara la vifaranga: nyuzi 32 hadi 34 wiki ya kwanza, punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Pia wiki ya pili na ya tatu usiwawashie taa usiku kucha. Wape saa 6 za giza, wasile mfululizo. Watachelewa siku mbili tatu, lakini watafika.

Kwa hiyo mkataba wa mwezi wa saba uandikwe siku 38, si 35. Wenye chipsi wanatuona waongo wakati ni hali ya hewa.

#8 Mkinga_Mwanjelwa
#7 hilo la maji tumboni tunaliona hata sisi, tumbo likipasuliwa maji yanamwagika. Lakini mkuu, mimi nitajuaje kwamba ni siku 38? Mfugaji haniambii, ananiambia "kesho" mara tatu.

#9 Mizani_Ilula
Suala la saizi aliloweka #2 linahitaji hesabu, maana ndilo linalovunja makubaliano mengi.

Banda la kawaida, wastani ukiwa kilo 1.6, kuku wanatofautiana. Kwenye kundi linalolishwa vizuri kiasi, theluthi mbili hivi watakuwa kati ya 1.45 na 1.75. Theluthi moja wako nje, nusu wadogo, nusu wakubwa. Mwenye oda ya kuku 200 wa saizi moja hawezi kuingiza boksi mbili za vifaranga mia mia. Fuata: vifaranga 300, toa vifo asilimia 5, wanabaki 285, theluthi mbili ni 190. Boksi tatu ndizo zinazokupa oda ya mia mbili kasoro kumi. Hao 95 wengine lazima wawe na mteja wao mapema: wakubwa waende supu na sherehe, wadogo wapewe siku nne tano zaidi.

Ukitaka kupunguza tofauti, vyombo ni vichache, anzia hapo. Chombo cha chakula cha kuning'inia kimoja kwa kuku 30 hadi 40, si 70. Mdomo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku, panda nao kila siku chache. Wiki ya pili tenga vifaranga wadogo kwenye kona yao na vyombo vyao, wapate nafasi ya kula. Na pima kila wiki: kamata kuku 20 kutoka kona nne na katikati, mizani ya saa ya kuning'iniza inatosha. Usikamate wale wanaokusogelea mlangoni, hao ndio wakubwa, utajidanganya.

#10 Banda_Igawilo
#9 asante, hili la boksi tatu sijawahi kuliona likiandikwa. Lakini narudi palepale. Mfugaji akifanya hayo yote, bei bado anapangiwa getini. Dalali anafika saa 11 jioni anajua chakula kimeisha na huna pa kwenda.

#11 Ratiba_Kwanza
Ndiyo maana bei isiwe ya kubishania getini, ifungwe na bei ya chakula. Kwa broila chakula ni kama asilimia 65 ya gharama. Kuku anayetunzwa vizuri anakula kilo 1.8 za chakula kwa kila kilo ya uzito hai. Gawa 1.8 kwa 0.65, unapata 2.77. Yaani kilo ya kuku hai ikiuzwa chini ya mara 2.77 ya bei ya kilo ya chakula, mfugaji anakula mtaji. Mfano tu, weka bei zako: mfuko wa kilo 50 ukiwa 85,000, kilo ni 1,700, mara 2.77 ni 4,709. Kuku wa kilo 1.6 ni 7,534 kabla ya faida. Chakula kikipanda, bei inapanda yenyewe, kikishuka mnunuzi anafaidi. Hakuna kununiana.

#12 Mnyalu_Ipogolo
1.8 kwa baridi ya huku? Mkuu unaota. Wengi wako kwenye 2.0 na zaidi, maana sehemu ya chakula inageuka kuwa joto la mwili. Ukigawa 2.0 kwa 0.65 unapata 3.08. Kwa bei yako hiyo ni 5,236 kwa kilo.

#13 Mizani_Ilula
#12 2.0 nakubali, mgawanyo siukubali. Kuku akila zaidi, kifaranga, dawa, mkaa na maranda havipandi bei. Kinachoongezeka ni chakula peke yake. Chukua 2.77 ya #11, ongeza 0.2, ni 2.97. Kwa 1,700 ni 5,049, si 5,236. Tofauti ya 187 kwa kilo, kwenye mzigo wa kilo 320 ni karibu elfu sitini. Mnunuzi makini ataiona na atakuona umempiga.

#14 Mkinga_Mwanjelwa
#13 njoo uwe mhasibu wa dukani kwangu. Lakini niwaulize: mimi nikikubali 2.97 na mwenzangu wa ng'ambo ya barabara ananunua kwa dalali kwa 2.5, chipsi kuku yangu nitaiuzaje? Hesabu yenu inamlinda mfugaji, mwenye duka halindwi na yeyote.

#15 Machinjio_Mbalizi
Wote mnazunguka, hakuna aliyegusa kisu. Sababu kubwa ya kuku wa friza kushinda ni kwamba amechinjwa, amesafishwa, amepozwa, ana tarehe. Mwenye hoteli hana pa kuweka kuku hai, na bwana afya akikuta manyoya jikoni ni kesi. Mfugaji wa Uyole anauza kuku anayelia. Hizo ni bidhaa mbili tofauti.

Kwa wanaotaka kuuza aliyechinjwa, mambo yanayoharibika ni haya.

Chakula. Ukichinja saa 10 alfajiri, ondoa chakula saa 2 usiku, maji acha mpaka dakika ya kukamata. Saa 8 zinatosha kusafisha utumbo. Asiponyimwa chakula, utumbo unapasuka mkononi na kinyesi kinagusa nyama. Akinyimwa zaidi ya saa 12, utumbo unakuwa laini na nyongo inavuja, unapata ini la kijani.

Maji ya kunyonyolea. Nyuzi 58 hadi 60, sekunde 45 mpaka 60. Watu wanachovya kwenye maji yanayotokota, ngozi inaiva na kuchanika, kuku anatoka na mabaka meupe, mwenye duka anamkataa. Huna kipimajoto? Kwa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Chukua ndoo nne za yaliyochemka na tatu za bomba, ukapata kama 60. Kyela kipimo hicho kinabadilika, kule maji yanachemka juu zaidi na ya bomba si baridi, ongeza ya bomba.

Damu itoke dakika mbili hadi tatu kabla ya kuchovya. Anayeharakishwa hapa anabaki na ngozi nyekundu kwenye mbawa na shingo. Na mchinjaji awe Mwislamu anayejulikana, kama huna huyo, hoteli na mama ntilie wengi hawachukui, hilo halina mjadala.

Kupoza ndipo wengi wanapoanguka. Barafu kilo moja kwa kilo moja ya nyama, ndani ya maji safi, mpaka ndani ya kidari ishuke chini ya nyuzi 4. Kisha ning'iniza dakika 15 maji yachuruzike, vinginevyo mnunuzi anapima maji na safari ijayo harudi.

#16 Kijana_Nzovwe
#15 madini matupu. Na mtu akiwa na friza lake nyumbani, si anapakia tu baada ya kuosha?

#17 Machinjio_Mbalizi
#16 hapana, hapo ndipo nyama inapoharibikia. Soma kibandiko nyuma ya friza, kuna uwezo wa kugandisha kwa saa 24. La kawaida la nyumbani ni kilo chache, halikutengenezwa kupokea kuku 60 wa moto kwa mkupuo. Ukiwarundika, wa pembeni wanaganda, wa katikati wanashinda na uvuguvugu mpaka kesho yake, ukiwayeyusha wananuka kwenye paja. Wapoze kwa barafu kwanza, kisha wapange safu moja moja yenye nafasi. Umeme ukikatika usifungue mfuniko: friza lililojaa likiwa limefungwa linashika baridi siku mbili hivi, lililo nusu siku moja.

#18 Kreti_Chimala
Mimi nasimama na kuku hai, maana Tunduma, Chunya na Kyela wateja wengi wanataka wamwone anapumua kwanza. Basi tuongelee njiani.

Kreti ya plastiki ya sentimita 75 kwa 55 ina sentimita za mraba 4,125. Kuku wa kilo 1.5 anahitaji kama sentimita za mraba 190 kwa kila kilo. Hiyo ni kilo 21 na ushee, kuku 14. Lakini 14 ni kwa alfajiri ya Mbeya. Ukishuka Rujewa au Kyela mchana, weka 10 au 11. Wanaosema "wanaenea 20" wanaenea kweli, wakishuka watatu wamekufa na wengine wana michubuko ya zambarau kwenye mapaja.

Kirikuu isifunikwe turubai kote. Acha mbele na nyuma hewa ipite, na kati ya safu za kreti acha upenyo wa ngumi. Gari ikisimama, joto linapanda ndani ya dakika chache, kwa hiyo foleni ya Mafiati ni hatari kuliko safari yenyewe. Toka saa 10 alfajiri.

Halafu kuna kupungua uzito. Kuku aliyekaa njiani na kusubiri anapoteza hata asilimia 3. Kuku 200 wa kilo 1.6 ni kilo 320, asilimia 3 ni kilo 9.6. Sawa na kuku sita, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Mkataba useme mizani ya nani inahesabika, ya bandani au ya dukani. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, na wote wawili wanakuwa wakweli.

#19 Dokta_Usangu
#18 ongeza kreti kuoshwa. Kreti inatoka sokoni ambako kuku wa vijiji kumi wamekutana, inaingizwa bandani kwako ikiwa na kinyesi. Iishie getini, ioshwe, ipuliziwe dawa, ikauke juani.

Na kwa kienyeji ni mbaya zaidi. Mchuuzi anazunguka Ubaruku, Igurusi, Madibira na tenga nyuma ya baiskeli, anachanganya kuku wa kila kaya. Wasiouzwa mnadani wanarudi kijijini jioni. Kideri kinasafiri ndani ya lile tenga. Kaya ikisikia kuku wa jirani wanakufa, inauza wake wote haraka, wengine wakiwa wameshaambukizwa. Ndiyo maana kuna miezi kienyeji wamejaa bei chini, kisha hakuna kabisa. Mnaita msimu, ni ugonjwa.

Chanjo ya kideri ya I-2 ya tone la jicho, tone moja kwa kila kuku, mkubwa na mdogo, kila miezi mitatu, kijiji kizima kwa siku moja. Chanja angalau wiki mbili au tatu kabla ya kuuza, kuku apate kinga kabla hajakutana na tenga. Usichanje kundi ambalo limeshaanza kuugua, haitawaokoa. Kwa broila na mayai: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro siku ya 28 kama eneo lina historia yake. Maji ya chanjo yasiwe na klorini wala dawa, na yaishe ndani ya saa mbili.

Ukisafirisha kuvuka wilaya, kibali cha afisa mifugo kiwe mkononi.

#20 Mama_Trei_Tukuyu
Mwagonile. Uzi mzuri lakini mmesahau mayai, na mayai ndiyo yanayofika kila duka.

Kuku 500 wa mayai wakitaga asilimia 85 ni mayai 425 kwa siku, trei 14 na mayai 5. Kwa wiki ni kama trei 99. Tofauti na broila, hapa hakuna kukatika kila wiki saba, ila kuna mkatiko mkubwa mmoja: ukiuza kundi lililochoka, jipya linachukua wiki 18 hadi 20 kuanza kutaga, na mwezi wa kwanza mayai ni madogo. Duka haliwezi kukusubiri miezi mitano. Kundi la pili liingie wakati la kwanza lina umri wa mwaka, mpishane.

Njiani adui ni maji. Huku Rungwe mvua haina msimu wa kupumzika. Trei za boksi zikilowa zinalegea, safu ya tano inabonyea ya nne na kila kitu kinageuka uji. Tumia za plastiki kwa mzigo wa mbali, za boksi zifungwe kwenye katoni ya trei 12, mayai 360, nailoni juu. Ncha nyembamba iangalie chini. Usiyaoshe.

Na wanaoshusha Kyela wasikilize hili. Mayai yanatoka huku na ubaridi wa usiku, yanafika chini kwenye joto na unyevu, yanatoka jasho. Lile jasho linapitisha bakteria kwenye vitundu vya ganda. Mwenye duka anayaweka juani mlangoni, baada ya siku tano anasema mayai ya Tukuyu yanaoza. Yafike jioni, yakae chumbani kwenye katoni mpaka yazoee, ndipo yapangwe.

#21 Mkinga_Mwanjelwa
Ndaga fijo mama #20. Na trei za boksi za zamani msirudishe mabandani, zinabeba magonjwa kama kreti za #19. Dukani tunawauzia tena bila kufikiri.

#22 Banda_Igawilo
Naona kila mtu ana mchawi wake: ratiba, saizi, baridi, kisu, kreti, kideri. Sawa. Lakini hakuna aliyegusa malipo. Wenye maduka makubwa na hoteli wanataka siku 30. Banda langu linapumzika siku 14, zikiisha tu natakiwa kununua vifaranga. Hela ikija siku ya 30 nimechelewa siku 16. Mzunguko wa 49 umekuwa 65. Kwa mwaka, 365 kwa 49 ni mizunguko 7 na kidogo. Kwa 65 ni mitano na nusu. Karibu mizunguko miwili imeliwa na risiti ya mkopo. Dalali pamoja na ubaya wake analipa jioni ile ile. Kwa hiyo mfugaji anamkimbilia huyo huyo anayemnyonya.

#23 Ratiba_Kwanza
#22 hilo ni zito na linaivunja hata ratiba yangu ya mabanda saba, maana mmoja akichelewa wiki mbili mlolongo wote umehama. Njia inayowezekana: mnunuzi alipie vifaranga siku vinapoingia, iwe ndiyo malipo ya awali, iliyobaki alipe kwa siku 7 kwa simu. Anayelipia vifaranga hatakimbia oda, na mfugaji hatamuuzia dalali kuku ambao nusu si wake.

#24 Mkinga_Mwanjelwa
Na vifaranga nilivyolipia vikifa wiki ya pili? Mfugaji akisema ni gumboro mimi nitabisha na nini? Andikeni kwanza nani anabeba vifo, na afisa mifugo athibitishe. Bila hiyo sitoi hata mia.

#25 Kijana_Nzovwe
Kwani tusichukue tu kuku na vifaranga vya bei nafuu ng'ambo ya Tunduma? Nakonde ya Zambia ni hapo.

#26 Dokta_Usangu
#25 usijaribu. Zuio la kuingiza kuku na mazao yake liliwekwa mwaka 2006, kwa hofu ya mafua ya ndege. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa Namanga. Vya Tunduma havina mlango tofauti.

#27 Mizani_Ilula
Ukitafuta unafuu, tafuta kwenye chakula, hapa tulipo ndipo mahindi yalipo. Nunua Juni hadi Agosti, yakaushwe mpaka unyevu wa asilimia 13, weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Yakiingia na unyevu wa 16 utapata sumukuvu, na kuku wa sumukuvu hakui na chanjo haimshiki vizuri. Soya iliwe ikiwa imekaangwa au kuchemshwa, mbichi inazuia protini isifanye kazi.

#28 Kreti_Chimala
#27 na usipa wa Ziwa Nyasa je? Kyela unapatikana, wengine wanaweka badala ya dagaa wa Mwanza.

#29 Mizani_Ilula
Unafaa, ukaguliwe mchanga. Chukua gramu 100, saga, tia kwenye maji, koroga, mchanga unashuka chini. Ukiona tabaka la kuonekana, umenunua ufukwe. Na usizidishe: kwa kuku wa mayai kilo 5 kwenye kila 100 za chakula zinatosha, zaidi ya hapo mayai yanaanza kunuka samaki. Kwa broila uutoe kabisa wiki mbili za mwisho, soya ichukue nafasi yake.

#30 Mama_Trei_Tukuyu
Hilo la harufu ni kweli, na mteja hakuambii, anahamia duka lingine tu. #29 soya ikipanda bei mwezi wa pili, unaziba pengo na nini? Mashudu ya alizeti yana makapi mengi, kuku anashiba kabla hajapata protini.

#31 Mizani_Ilula
Mama, tafuta mashudu ya mbegu iliyokobolewa kabla ya kukamuliwa, yana rangi ya kijivu hafifu na hayana maganda meusi mengi. Weka mpaka kilo 15 kwa 100, ongeza laisini (kirutubisho cha protini) ya dukani gramu 100 hadi 200 kwa kilo 100 maana alizeti ni maskini wa laisini. Kesho jioni naweka mchanganyiko mzima wa chakula cha layer (kuku wa mayai) wa kilo 100, nipe bei za Tukuyu za mahindi, pumba na usipa nipige hesabu.